Kufumua Nyumba

Tingatinga liliomba siku moja.
Mimi niliomba kumi na moja,
na Shekue, mwenye kiwanja, akacheka hata miwani ikamteleza:
"Mwanakombo, unaivunja nyumba au unaiposa?"

Sivunji. Nafumua.
Aliyewahi kushona mkeka anajua:
ukivuta popote, ukili unakata roho;
ukiutafuta mwisho, ule uliofichwa na mshonaji,
chane zote zinarudi mkononi zikiwa nzima.

Tukaanza na paa, hapa Kibokoni,
Mwaringa juu, Nyevu chini, mimi na daftari katikati.
Mabati kumi na tisa: saba yanafaa.
Boriti sitini na mbili za mkandaa, nyeusi, kavu,
ukizigonga zinaitika.
Mlango mmoja, bawaba tatu; ya nne Mungu ndiye ajuaye.
Misumari, makopo mawili na nusu,
imeinama kama safu ya watu walio katika rukuu.
Nyevu anainyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja,
ta, ta, ta,
mpaka jirani wa ghorofani akafungua dirisha kuuliza
kama tumekosa pesa za misumari mipya.
Tunazo.

Siku ya tano tukafika ukutani.
Chokaa ya kale haigombani na jiwe,
unainong'oneza kwa patasi, inaachia.
Ila saruji ya juzi, ile ya bafuni,
haijui talaka ya wema:
inatoka na ngozi ya mwenzake.
Nikaliandika na hilo, ingawa halina bei.

Na ndani ya jiwe, mikunjo ya bahari,
vijumba vya vidudu waliokufa
kabla mtu hajawaza nyumba.
Hapo nilikaa chini.

Maana msinivishe kilemba cha ukoka.
Babu yangu Faki alikuwa na tanuu upande wa Mtongwe.
Alipanga magogo ya mikoko, juu yake matumbawe,
akawasha, akangoja,
na asubuhi akachota unga mweupe kama asiye na deni.
Karo yangu ilitoka katika moshi ule.
Ubaridi huu tunaousifu tukiingia nyumba za kale
ulikatwa kwa shoka, uking'olewa mwambani.
Bahari ilikopesha.
Hakuna aliyeandika.

Ndipo nikanunua daftari.

Siku ya tisa Shekue alikuja kafura,
riba ya benki ikimwasha kama upupu.
Alikuta ukuta mmoja tu umesimama, ule wa zidaka.
Alinyamaza.
Akatia mkono katika kidaka cha chini, kulia,
akapapasa kama mtoto.
"Mama alikuwa akitufichia sukari humu."
Kisha, bila kunitazama: "Na hivi pia unaviuza?"
"Ukurasa wa kumi na nne," nikamwambia.
"Na kwako bei ni ile ile."
Alilipa. Aliomba nipunguze kwanza, lakini alilipa.

Mawe, lori mbili: Mtopanga, ukuta wa chekechea.
Boriti: Likoni, dari ya fundi cherehani na wanawe sita.
Mabati saba: banda la mbuzi, mwenyewe atalipa mwezi ujao, inshallah.
Kifusi: Kisauni, kikashindiliwa chini ya tangi la maji ya mvua.
Misumari ni ya Nyevu. Kaitolea jasho.
Cha kutupa, magunia manne.
Niliyapeleka Mwakirunge mwenyewe, kwa tuktuk,
nimeyapakata, ili nisiyasahau uzito.

Siku ya kumi na moja, kiwanja kitupu, kimefagiliwa.
Mchoraji wa ghorofa mpya akatandaza karatasi zake
juu ya boneti ya gari: vyumba ishirini na nane,
vioo upande wa jua la mchana,
na mashine ya baridi kwa kila kioo.
Nikamwuliza jambo moja tu.
Siku mjukuu wa Nyevu atakapokuja hapa na patasi,
mwisho wa ukili mmeuficha wapi?

Akazitazama karatasi.
Akazigeuza, akatazama nyuma.